Ni mimi, nifungulieni

Geti la korti yetu, yaani nyumba zetu zinazozunguka uwanja mmoja, pale Buruburu, Nairobi, liliwekwa Jumamosi moja mwaka 2003, na siku hiyo majirani tulinunuliana soda. Kila nyumba ilikuwa imetoa shilingi elfu mbili. Kwangu mimi, mwenye kodi na mtoto mchanga, hizo hazikuwa pesa ndogo, lakini nani angekataa? Mwezi uliotangulia nyumba mbili zilivunjwa, moja mchana kweupe, wezi wakabeba hata mtungi wa gesi.

Buruburu haikujengwa iwe na mageti. Ilijengwa kwa awamu tano, kuanzia mapema miaka ya 1970 hadi miaka ya 1980, nyumba zikizunguka viwanja vidogo vya watoto kuchezea na watu kupita. Nilipohamia, njia nyingi za mkato zilikuwa zimezibwa kwa mabati na seng'enge. Hofu ilikuwa ya jiji zima. Utafiti wa UN-Habitat uliotolewa mwaka 2002 ulikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa Nairobi waliohojiwa walikuwa wameporwa ndani ya mwaka mmoja. Mkikaa watatu kwenye kiti cha matatu, mmoja wenu ameshapigwa ngeta, ile kabari ya kooni ya wezi.

Tukapanga geti lifungwe saa nne usiku. Soja alikuwa mmoja, mzee mwenye rungu na filimbi, akilinda korti mbili kwa sababu tulishindwa kukubaliana kuhusu mshahara wa wa pili. Funguo zilichongwa, moja kwa kila nyumba. Moja. Hakuna aliyeuliza itakuwaje kwa nyumba yenye watu wanaorudi saa tofauti.

Nyumba ya mwisho kushoto alikuwa amehamia nesi, yeye na dada yake, yapata miezi miwili. Tulimwita sista, kama watu wanavyowaita manesi, na lilikuwa jina la kutosha kwa sababu lake halisi hatukulijua. Asubuhi alinisalimu, nikaitikia huku nikikimbilia matatu ya 58. Basi.

Usiku wenyewe stima zilikuwa zimepotea. Ilikaribia saa tano. Nikasikia geti likigongwa, si kwa ngumi, kwa kitu kidogo kama sarafu: ka, ka, ka. Kisha sauti ya mwanamke. "Soja! Soja!" Soja hakuitika, alikuwa korti ya pili. Geti likagongwa tena.

"Jamani, ni mimi. Nifungulieni."

Mke wangu alinishika mkono. "Wee, umesikia?"

"Nimesikia."

"Usitoke. Wanatangulizaga mwanamke ndio mfungue."

Simlaumu. Hadithi hiyo kila mtu mtaani alikuwa ameisikia, na kitoto chetu kilikuwa kimelala katikati yetu. Lakini ufunguo ulikuwa juu ya friji, hatua sita kutoka kitandani. Nimezihesabu mara nyingi tangu usiku ule.

Ni mimi. Nani? Niliitafutia sauti ile sura, nikakosa. Nikasogeza pazia kwa kidole. Nje giza totoro, ila kwenye dirisha la jirani wa mbele niliona mshumaa ukizimwa. Hapo nikaelewa kwamba hawakuwa wamelala. Korti nzima tulikuwa macho, tunasikiliza.

Halafu viatu vikikimbia, kishindo kimoja kwenye chuma, kimya. Sikusikia nduru. Ngeta haikupi nafasi ya kupiga nduru. Mkono unakuzunguka koo kutoka nyuma, pumzi inakatika kabla hujajua ni nini.

Soja ndiye aliyemkuta, amekaa chini, ameegemea geti kwa nje, kiatu mguu mmoja. Mkoba na simu vilikuwa vimekwenda. Kulipokucha, mtoto wa jirani alichomoa mfuko wa nailoni kwenye ua wa kayaba, ndani ya korti. Mlikuwa na sare yake ya kazi, imekunjwa vizuri. Aliwaona wakija, akairusha juu ya geti asije akakosa cha kuvaa kesho yake. Alipata muda wa kufanya hivyo. Muda huo ungenitosha kufika getini.

Niliwasindikiza kituoni, yeye na dada yake. Polisi waliuliza kama angeweza kuwatambua wezi, dada akamjibia maana koo lilikuwa limevimba, tukatoka na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, kwenye kipande cha karatasi. Njiani nikamwambia, "Sista, nilikusikia." Alinitazama, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyejua hilo tangu usiku.

Kwenye mkutano wa korti baadhi walitaka geti liongezwe urefu. Nilisimama, mimi ambaye sikuwahi kusema neno mikutanoni, nikaomba kila mtu mzima achongewe ufunguo wake, na majina yetu yote yaandikwe, na nambari za simu kwa waliokuwa nazo. Tulibishana wiki tatu. Miaka 10 baadaye, baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate la Septemba 2013, serikali ilileta Nyumba Kumi, mpango wa majirani kujuana na kulindana, mfano uliotoka Tanzania, na tukaitwa barazani kuhimizwa tujuane. Karatasi yetu ya majina wakati huo ilikuwa imeandikwa upya mara nne au tano, watu wakihama na kuhamia.

Sista alirudi kazini kabla funguo mpya hazijachongwa. Jioni ya zamu yake ya kwanza nilitoka saa nne na nusu nikasimama ndani ya geti na soja, tochi mkononi. Hatukuongea. Nikasikia 58 ikifunga breki kule Mumias South Road, kisha hatua, za haraka, zikija hadi zikaishia upande wa pili wa chuma. Sauti ilikuwa bado inakwaruza.

"Ni mimi," akasema.

Nikamwita kwa jina lake, nikafungua.