Jaketi lililo chini ya kiti

Julai iliyopita, kusi ikiwa imechacha, nilipanda ndege ya panga kutoka Malindi kurudi Lamu, nayo ilitikisika tangu tulipoiacha ardhi. Tulipoikaribia Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, niliiona mikoko jani kwa jani, nikajua kumebaki kutua tu. Ghafla injini zikanguruma, pua ikainuka, na mikoko ikatupotea chini. Bibi aliyeketi ubavuni mwangu, ambaye muda wote alikuwa akivuta tasbihi, alinishika kifundo cha mkono akaniuliza, "Mwanangu, kwani twarejea Malindi?" Sikuwa na la kumjibu. Hatukuambiwa neno mpaka tulipotua katika jaribio la pili, na ukimya huo ulinitisha kuliko mtikisiko wenyewe. Marubani hufunzwa kughairi kutua pindi upepo unapogeuka au njia isipokuwa wazi, na kufanya hivyo ni salama kuliko kulazimisha. Laiti tungeambiwa hayo kwa sentensi moja.

Lakini kilichonikaa moyoni zaidi ni jaketi okozi. Maelezo yake yalikuwa yamesomwa mbiombio kwa Kiingereza kitupu, injini zikivuma, na yule bibi hakuambulia kitu. Sisi watu wa visiwani hatuna udhuru wa kulipuuza jambo hili, kwani msiba wa Ngazija, kisiwa cha Komoro, u karibu nasi mno: tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya abiria ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na ufuo, na kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Wako walionusurika kishindo, ila walikuwa wamekwisha kuyajaza majaketi yao hewa wakiwa ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Jaketi huvaliwa ndani, lakini kamba ya kulijaza hewa huvutwa mtu akiwa mlangoni anatoka.

Gatini Manda, nahodha wa boti alimvisha bibi jaketi, akamfunga kamba moja baada ya nyingine huku akimweleza kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, kila alichokifanya. Bibi alisikiliza kwa makini, kisha akanigeukia kuniuliza kama lile la kwenye ndege nalo hufungwa vivyo hivyo. Nilimweleza njia nzima, hadi tulipofunga gati Amu.