Cherehani ilikaa miaka miwili chini ya kanga

Mwaka 2021 nilinunua cherehani, ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, mtumba lakini nzima kabisa, nikaitoa Kariakoo kwa guta mpaka Mbagala roho kwatu. Nikaifunika kanga isipate vumbi. Basi ikakaa hivyo hivyo miaka miwili. Miwili! Watoto wakawa wanawekea madaftari juu yake, mara pasi, mara rundo la nguo za kukunja, na mimi kila nikipita pale naangalia pembeni.

Sikuwa mvivu jamani, hapa naomba tuelewane. Mtu mvivu haamki saa kumi alfajiri kuwahi daladala. Mimi nilikuwa napiga kalenda. Nikasema Ramadhani ikiisha naanza, ikaisha, nikasema ngoja ada za Januari zipite, zikapita, nikasema bora nisubiri nikasome kozi ya ushonaji chuo cha ufundi VETA pale Chang'ombe nijue kitaalamu, na fomu sikwenda kuchukua. Kila sababu ukiitazama peke yake ilikuwa ya kweli, ndo maana ilikuwa ngumu kujikamata. Kumbe nyuma ya zote nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, kukata kitambaa. Nilikuwa na kitenge changu kizuri cha yadi sita, na kichwani nguo ya kwanza nitakayoshona ilikuwa gauni la kuvaa harusi ya mdogo wangu, sasa ukishapitisha mkasi kwenye kitenge hakirudi kuwa kizima tena. Kwa hiyo nikiifikiria cherehani naona gauni limeharibika na harusini sina cha kuvaa, naachana nayo.

Kuna mzee fundi mtaani kwetu, siku moja nikampelekea sketi ya shule ya mtoto aweke zipu, tukapiga stori nikamwambia na mimi ninayo cherehani ndani ila sijaanza. Hakunisema. Akauliza, "Unataka kuanza na nini binti yangu?" Nikamwambia gauni. Akatikisa kichwa, akachana karatasi ya daftari yenye mistari akanipa. "Toa uzi. Kanyaga juu ya mistari hii tu mpaka miguu izoee."

Usiku ule ule nikaitoa kanga. Hakuna uzi wala kitambaa, sindano inatoboa tu karatasi tundu tundu. Na niwaambie kukanyaga si mchezo, kila nikianza gurudumu linarudi nyuma, mpaka nikajua kwamba unalizungusha kwanza kwa mkono lije upande wako ndo miguu inafuata. Mstari wa kwanza ulipinda kama njia ya nyoka, wa pili hivyo hivyo, ila kufika wa kumi na kitu hivi tundu zikaanza kukaa juu ya mstari. Nikaangalia saa, dakika ishirini zimepita na sijaharibu chochote. Nilikaa pale kwenye stuli machozi yananilenga, miaka miwili nilikuwa naogopa hiki?

Nilipoweka uzi shida zikaja, mshono unaruka ruka, siku mbili sielewi, mzee akaja kuangalia kumbe sindano nimeiweka upande bapa umegeuka. Zamani ningeifunika palepale. Wiki iliyofuata nikashona foronya kwa shuka kuukuu, upande mmoja umepinda mpaka leo na ndo ninayolalia.

Kitu kilichonisaidia zaidi ni kwamba siku hizi sifuniki tena, na siachii kazi mwisho wa mshono. Naacha katikati, sindano imezama kwenye kitambaa, ili kesho nikitoka kazini nimechoka nisiwe na kazi ya kuanza, ni kukaa na kuendelea tu. Ukiwa na jambo lako umelifunika kona fulani, iwe ni shamba au kusoma tena, tafuta karatasi yake ya daftari, kile kipande ambacho kikiharibika unakitupa na hakuna anayelia.

Mdogo wangu alishaolewa, harusini nilivaa gauni la kuazima na bado linaniuma. Jumamosi iliyopita nikakitandika kile kitenge sakafuni, nikachora kwa chaki, nikashika mkasi, mkono ukatetemeka, nikakata. Sasa hivi kiko kwenye cherehani, upande wa kushoto tayari, wa kulia umefika kiunoni na sindano imo ndani.