Rekodi ya dari fupi nayo ni rekodi

Jana jioni tumebishana ukumbini mpaka mlinzi wa shule akaja kuzima taa, na mpaka sasa naandika hii bado damu inachemka, maana jambo lenyewe nalipenda. Swali lilikuwa hili: kindege cha kurushwa ndani ya ukumbi kiko hewani, kinaelekea kwenye kenchi, ukakisogeza pembeni kwa puto lenye kamba, je ule muda kilioelea uandikwe rekodi au ufutwe?

Kwa ambao hamjawahi kuziona, hizi ndege za kurushwa ndani za daraja la F1D hazina mota wala rimoti, ni uzi wa mpira tu umesokotwa mizunguko mingi unaizungusha rafadha, yaani lile pangaboi la mbele, polepole. Mabawa ncha hadi ncha yasizidi sentimita 55, ndege bila mpira isipungue gramu 1.4 na mpira wenyewe usizidi gramu 0.4. Karatasi moja ya A4 ina gramu kama 5, sasa pata picha. Na hicho kitu mabingwa wanakiweka hewani zaidi ya nusu saa! Sisi huku Tanga tukitaka kurusha lazima feni zizimwe, madirisha yafungwe, na hapo kusi likivuma bado upepo unapenya chini ya mlango.

Basi mwalimu wetu wa fizikia msimamo wake ni mmoja, ukigusa umesaidia, rekodi iwe ya ndege peke yake. Nikamwambia mwalimu, kwa heshima zote, hapo nakupinga. Sheria za FAI, shirikisho la dunia la michezo ya anga, zinaruhusu puto au fimbo ndefu, ila ndege isogezwe kwa ulalo, sio kuinuliwa, na mimi naona hiyo ni haki kabisa kwa sababu tunachopima ni jinsi mtu alivyoutumia ule mpira mdogo, alichonga rafadha vipi, alichagua mbao nyepesi kiasi gani, sasa kindege kikinasa kwenye kenchi dakika ya kumi umepima nini hapo? Umepima paa. Ila ukikipandisha hata kidogo, hapo nakubaliana na mwalimu, ifutwe bila mjadala, maana kimo ni nguvu ya bure.

Na kimo ndo kilichotupeleka kwenye ubishi mkubwa zaidi. Kule Romania kuna mgodi wa chumvi wa Slănic, chini ya ardhi, kumbi ndefu kwenda juu zaidi ya mita 50, hewa imetulia, na mashindano ya dunia yamefanyika humo mara nyingi tu. Mtu akirusha humo na mimi nikirusha chini ya mabati ya Chumbageni, utatulinganishaje? Ndo maana rekodi zimegawanywa kwa dari: chini ya mita 8, halafu 8 mpaka 15, halafu 15 mpaka 30, na zaidi ya 30. Kuna kijana alisema rekodi ya dari fupi ni ya kupeana moyo tu. Hapana bana! Chini ya dari fupi huna pa kupanda, inabidi uufanye mpira utoe nguvu kwa adabu toka mwanzo, na kwa kweli mimi naona ni kazi ngumu kuliko kuwa na anga lote lile. Hiyo sheria ndo inayompa mtu wa Tanga nafasi, wakiiondoa tumekwisha.

Fundi redio mmoja aliyekuwepo yeye akaleta suala la sekunde. Mimi nilitaka kwetu hapa rekodi mpya izidi ya zamani kwa pengo linaloonekana, akanijibu, "Mdogo wangu, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa 3:32.2 mwaka 1974, Mwingereza Sebastian Coe akaja 1979 akapiga 3:32.1, nani alikataa?" Kweli fundi, lakini mkimbiaji anakata mstari, kindege chetu kinatua kama hakitaki, kinaelea sentimita chache juu ya sakafu, wapima muda wawili wanabonyeza saa kila mtu na jicho lake. Sekunde moja hapo siiamini. Fundi hakukubali na sidhani kama atakubali.

Kilichobaki ni kujua ukumbi wetu uko kundi gani, maana paa ni la mgongo, katikati juu pembeni chini, na sheria haiangalii ile ncha ya juu kabisa, inaangalia pale ambapo duara la mita 15 linaenea chini ya kenchi. Jumamosi tunapima. Mwenye ngazi ndefu maeneo ya Chumbageni au Ngamiani atuazime jamani, ya shule imevunjika vipandio.