Prosesa nyuzi 76 bila kazi yoyote: kumbukumbu ya mradi, Tudor

Mashine: kompyuta ya mezani ya mtumba, Core i5-4590, bodi ya soketi LGA 1150, hitisinki (chuma chenye mapezi kinachotoa moto wa prosesa) ya kiwandani yenye pini nne za plastiki, RAM GB 8, Windows 10. Mahali: chumba cha ghorofa ya kwanza, Tudor, Mombasa, dirisha linaelekea hori. Msimu: kaskazi, mwezi wa pili. Tatizo: imewashwa, haifanyi kitu, na prosesa inasoma nyuzi 76.

Jumamosi, saa 4 asubuhi

Kasha limetolewa kwenye meza yake likawekwa mahali pa wazi. Kipimajoto cha dijitali kimewekwa sentimita 10 mbele ya matundu yanayoingiza hewa. Cha ukutani hakifai, maana ukuta uliopigwa na jua na hewa inayoingia kwenye kasha ni vitu viwili mbalimbali. Hewa 31, prosesa 76, tofauti 45.

Tofauti hiyo ndiyo inayoandikwa daftarini na ndiyo itakayofuatwa hadi mwisho. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la hewa inayoipuliza. Mtu wa Uingereza mwenye chumba cha nyuzi 19 akisema yake hukaa 32, tofauti yake ni 13. Ilete mashine hiyo hiyo Mombasa kwenye hewa ya 31 itasoma 44, na haina ugonjwa wowote. Wengi wanafungua kasha kwa sababu ya namba waliyoisoma kutoka nchi ya baridi. Na ikitokea prosesa inasoma chini ya joto la chumba, anayedanganya ni kihisi.

Namba ya pili inayotakiwa ni wati, na hii ndiyo watu huiruka. Programu ya vipimo ya HWiNFO64 inaionyesha kwenye mstari wa CPU Package Power. Hapa: wati 27. Prosesa hii ikiwa imelala kweli hutumia wati 10 au pungufu. Kisha gawa tofauti kwa wati: 45 kwa 27, kama nyuzi 1.7 kwa kila wati. Hitisinki iliyokaa sawasawa, feni ikizunguka vizuri, haifiki 1 prosesa ikiwa kazini. Kwa hiyo kuna makosa mawili: moto unazalishwa kupita kiasi, na njia ya kuutoa imeziba. Kubadilisha pesti (dawa inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) pekee kungetibu nusu tu ya ugonjwa.

Kuhusu usomaji wenyewe, mambo mawili yasikupotezee siku. Kihisi kilicho ndani ya prosesa za Intel hakipimi kuanzia sifuri kwenda juu. Hupima umbali uliobaki hadi kikomo, ambacho kwa hii ni nyuzi 100. Karibu na kikomo ni sahihi, huku chini kinakisia. Koa moja (kiini kimojawapo cha prosesa) ikisoma 39 na jirani yake 45, achana nazo. Pili, ukiona mstari kama AUXTIN unaosema 127, huo ni mguu wa chipu ya bodi ambao haukuunganishwa na kihisi chochote. Hakuna kinachoungua.

Wenye AMD Ryzen za mwanzo wana mtego wao. 1700X na 1800X huripoti Tctl (joto la kuongozea feni) iliyoongezwa nyuzi 20 makusudi, na 2700X imeongezwa 10, ili feni zizungushwe kwa mpango mmoja. Soma Tdie (joto halisi), au toa mwenyewe.

Jumamosi, saa 6 mchana: programu

Subiri dakika 10 baada ya kuwasha, kwani Windows ina masasisho na ukaguzi wake wa virusi. Funga kila dirisha. Kwenye HWiNFO64 panua muda wa kusoma kutoka milisekunde 2000 hadi 5000, maana kipimo chenyewe huiamsha prosesa.

Task Manager ilionyesha asilimia 6 hadi 8 ikitumika bila mtu kugusa kibodi. Ni kivinjari kilichofungwa dirisha lakini kikaachiwa ruhusa ya kuendelea chinichini, pamoja na viongezi viwili. Ruhusa imezimwa, viongezi vimetolewa. Wati 22, prosesa 70, tofauti 39.

Kuna programu za wizi wa uchimbaji wa sarafu za kidijitali zinazotulia mara tu Task Manager inapofunguliwa. Njia ya kuzinasa ni kuiwasha HWiNFO64 iandike kwenye faili usiku kucha, Task Manager ikiwa imefungwa, kisha asubuhi kutazama safu ya wati. Hapa mstari ulikaa 22 usiku mzima bila kupanda wala kushuka. Hakuna mwizi, lakini usingizi pia hakuna.

Jumapili asubuhi: BIOS

HWiNFO64 ina mistari ya C6 na C7 Residency, yaani asilimia ya muda ambao kila koa imelala usingizi mzito. Zote zilikuwa 0, na kasi imeganda 3.5 GHz. Kwenye BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe, kabla ya Windows) ikaonekana kwa nini: C-States (ngazi za usingizi wa koa) zimezimwa, EIST (inayoshusha kasi kazi ikipungua) imezimwa, na volti za prosesa zimewekwa kwa mkono, 1.250 V. Ni mtindo wa waliokuwa wakikaza mashine kwa ajili ya michezo, na mashine ya mtumba hurithi kila kitu.

Njia ya haraka ni kurudisha mipangilio ya kiwandani, kisha kuhakikisha C-States na EIST ziko Enabled au Auto na volti ziko Auto. Andika kwanza mpangilio wa diski, AHCI au vinginevyo, la sivyo Windows inaweza kukataa kuwaka. Betri ya CR2032 ilipimwa kwa mita ikasoma volti 2.6, imewekwa mpya, kwani stima ikikatika betri iliyochoka husahau kila ulichopanga.

Matokeo baada ya dakika 10: wati 9, hewa 31, prosesa 49, tofauti 18.

Wengine hubishana juu ya kiwango cha chini cha prosesa kwenye mpango wa umeme wa Windows, kiwe asilimia 5 au 100. Kiweke 5, lakini usitegemee muujiza: C7 ikifanya kazi, koa iliyolala haijali kasi iliyoandikwa.

Na onyo kwa wanaopenda kupima kwa flashi ya Linux. Kabla BIOS haijaguswa, mashine hii hii kwenye Linux ilisoma wati 12. Mtu angeapa kwamba kosa ni la Windows. Linux ina dereva wake, intel_idle, ambayo kwa prosesa kama hizi hutumia jedwali lake yenyewe la usingizi bila kungoja orodha ya BIOS. Linux ikitulia, BIOS bado haijaondoka kwenye tuhuma.

Jumapili, saa 9 alasiri: hitisinki

Tofauti ya 18 kwa wati 9 ni nyuzi 2 kwa kila wati. Moto sasa ni mdogo, lakini haupati pa kupita.

Kabla ya kufungua, jaribio la dakika moja linalotaja mahali penyewe pa kosa: kitufe cha Stress CPU ndani ya programu ya CPU-Z, kinachoipa prosesa kazi nzito, macho yakiwa kwenye grafu. Joto likiruka kwa sekunde moja au mbili na kuanguka vivyo hivyo ukisimamisha, kizuizi kiko kati ya prosesa na hitisinki, yaani pesti au mkazo. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa na kushuka polepole, hitisinki inapokea moto lakini haiutoi: vumbi, feni, au hewa ya kasha. Hapa liliruka kutoka 49 hadi 81 kufumba na kufumbua, likagonga 100 kabla ya dakika kwisha, na kasi ikashuka chini ya 3.3 GHz prosesa ilipojilinda. Iliposimamishwa, 100 ikawa 66 papo hapo.

Hitisinki haikuhitaji nguvu kutoka. Vichwa vya pini vina mshale: ukizungusha kufuata mshale unafungua, kisha unavuta juu. Ile ya kona karibu na RAM ilitoka bila kuguswa. Mguu wake wa plastiki ulikuwa na ufa na haukushika bodi. Alama ya pesti ilithibitisha: upande mmoja umebanwa ukawa kama karatasi, kona hiyo pesti ni nene na imekauka kama chaki. (Kwenye AMD ya soketi AM4 ipashe moto mashine kwanza, zungusha hitisinki kidogo ndipo uinue, vinginevyo prosesa hung'oka nayo na miguu kupinda.)

Juu, kati ya feni na mapezi, vumbi lilikuwa limejenga mkeka. Vumbi la pwani halipeperuki kama la bara. Unyevu na chumvi hulifanya liwe kama ugali uliokaukia sufuriani, na chini yake alumini ilishaanza unga mweupe wa kutu. Kupuliza peke yake hakutoshi: feni imefunguliwa, mapezi yamesuguliwa kwa brashi kavu ya rangi ya inchi 1, ndipo yakapulizwa. Ukipuliza feni ishike kwa kidole isizunguke. Na usiipeleke kwa kompresa ya fundi wa pancha. Hewa yake hutoka na maji na mafuta, na yote yatakaa juu ya bodi.

Pesti ya zamani imefutwa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti ya zambarau huacha rangi, kwa hiyo ni ya dharura tu. Pesti mpya ni punje moja katikati, kiasi cha mbaazi, bila kupaka. Mkazo wa hitisinki ndio unaoitandaza. Dawa ya meno, ambayo bado inasifiwa, hufanya kazi vizuri siku chache hadi maji yake yakauke.

Pini zote nne zimebadilishwa, kwani plastiki iliyopasuka moja, tatu zilizobaki ni za umri ule ule. Wakati wa kufunga, vichwa huzungushwa kwanza kinyume cha mshale, halafu hubonyezwa kwa jozi za pembe zinazotazamana hadi kila moja ilie. Mlio peke yake si ushahidi. Ilibidi bodi itolewe kwenye kasha na kutazamwa upande wa nyuma: kila mguu mweupe uwe umepanuka na pini nyeusi ionekane katikati yake. Anayetaka kuachana kabisa na pini anunue hitisinki yenye bamba la nyuma na skrubu. Matundu ya LGA 1150, 1151, 1155, 1156 na 1200 yana nafasi ile ile ya milimita 75. Ya LGA 1700 ni 78, usidanganywe dukani.

Feni imerudishwa kwenye soketi ya CPU_FAN. Ilikuwa imechomekwa SYS_FAN, kwa hiyo ilikuwa ikifuata joto la bodi, na bodi haikuwa na habari.

Usomaji: hewa 31, prosesa 41, wati 9, tofauti 10. Kazini kwa dakika 10: wati 63, nyuzi 75, tofauti 44, sawa na 0.7 kwa kila wati. Ikiwa imelala hesabu inatoka 1.1 kwa sababu feni iko polepole na kihisi huku chini hakiaminiki. Namba ya kuamua uzima wa hitisinki ni ile ya kazini.

Jumatatu

Kasha limerudishwa ndani ya kabati la meza, na prosesa ikapanda hadi 46. Kipimajoto kwenye matundu ya hewa kilisoma 36 wakati chumba ni 31, kwa hiyo tofauti bado ni 10 na hitisinki haina kosa. Kabati limefungwa nyuma, na hewa iliyotoka moto inazunguka na kurudi mbele. Ubao wa nyuma umetolewa, meza imesogezwa sentimita 10 kutoka ukutani. Hewa kwenye matundu 32, prosesa 42.

Kilichobaki ni feni ya hitisinki, ambayo inakwaruza kidogo inapoanza kuzunguka; beringi zimeonja chumvi. Itabadilishwa kwa feni ya nyaya nne, na mapezi yatapigwa brashi tena kusi likianza.