Nilivyoielewa beisiboli kwa kumfuata mtu mmoja katika timu 14

Aliyekulia Tanga, akaijua Coastal Union kabla hajajua kusoma, hapati urahisi wa kuipenda beisiboli ukubwani. Hakuna saa inayohesabu dakika, watu wamesimama muda mrefu, kisha ghafla wote wanakimbia na wewe hujaona kilichotokea. Nilipohamia Maryland mwaka 2012 nikaanza kazi ya kutunza wazee majumbani, na mzee wa kwanza niliyepangiwa alikuwa shabiki wa Washington Nationals. Timu moja ya Ligi Kuu ya Marekani hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku. Kwa hiyo jioni zangu zikawa za beisiboli, nipende nisipende.

Mlango wa kwanza ulikuwa daftari lake. Mzee hakuangalia mechi bila penseli. Kila mchezaji aliye uwanjani ana namba kulingana na nafasi yake, si ile ya mgongoni: mrushaji ni 1, mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2, anayelinda besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, ni 3, na kuendelea hadi 9. Ukiona ameandika 6-4-3, ujue mpira uliokotwa na wa 6, akampa wa 4 aliyekanyaga besi ya pili, naye akautupa kwa wa 3, na wapigaji wawili wametoka kwa mpigo mmoja. Mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu, yaani mipira ya halali aliyoikosa au kuiacha, anaandikiwa K. Akitolewa ameduwaa, gongo halijasogea, K inaandikwa imegeuzwa. Nilianza kumsaidia kujaza pale mkono wake ulipochoka, na macho yangu yakaanza kuona.

Mlango wa pili, na ndio ulioniingiza ndani kabisa, ulikuwa Edwin Jackson. Jioni moja mzee aliandika jina lake kwenye nafasi ya mrushaji akaniambia kwamba kijana huyu ana miaka 28 na hii ni timu yake ya saba. Kwa akili ya soka letu, mchezaji wa umri huo aliyepita timu saba ana walakini. Nikauliza kama ni mtu wa vurugu. Mzee akajibu, "Hapana. Anatakiwa."

Jibu hilo halikunitoka. Nikaamua kwamba badala ya kufuata timu nitamfuata mtu huyu, huko alikotoka na kokote atakakokwenda, na kila akihama nitajifunza ni kanuni gani iliyomhamisha. Nawaambia wazi, sijapata njia bora kuliko hiyo.

Nilianza nyuma. Jackson alizaliwa Neu-Ulm, Ujerumani, baba yake akiwa mwanajeshi wa Marekani huko, akakulia Columbus, Georgia. Los Angeles Dodgers walimchagua mwaka 2001. Tarehe 9 Septemba 2003, siku aliyotimiza miaka 20, aliingia ligi kuu kwa mara ya kwanza na kumshinda Randy Johnson, mmoja wa warushaji wakubwa wa zama zile. Ukiangalia picha za siku hiyo unamwona kijana ambaye kila mtu alidhani atakaa Los Angeles miaka 15. Haikuwa hivyo. Alikwenda Tampa Bay, kisha Detroit, kisha Arizona.

Safari ya Arizona ndiyo iliyonifundisha kanuni iliyo ngeni kuliko zote kwetu. Katika soka mchezaji lazima akubali kuhama. Katika beisiboli timu inakubadilisha na mchezaji mwingine, mkataba wako unakwenda nawe, na hakuna anayekuuliza. Haki ya kukataa unaipata ukiwa na miaka 10 katika ligi, mitano ya mwisho katika timu hiyo hiyo moja. Jackson hakuwahi kukaa mahali miaka mitano, kwa hiyo haki hiyo hakuionja. Desemba 2009, katika mpango wa timu tatu, yeye alipelekwa Arizona na Max Scherzer akapelekwa Detroit. Miaka minane baadaye wawili hao walikuwa warushaji wa timu moja hapa Washington.

Arizona ndiko alikofanya jambo ambalo nimeliangalia kwenye marudio hadi nalijua kwa moyo. Tarehe 25 Juni 2010 alirudi St. Petersburg kucheza dhidi ya Tampa Bay, timu yake ya zamani. Alianza vibaya sana. Katika awamu tatu za kwanza aliwapa wapigaji saba besi ya bure kwa kurusha nje ya eneo, na awamu ya tatu alijaza besi zote kabla hajamtoa hata mmoja. Mrushaji akifika hapo, kocha huwa ameshanyanyuka kwenye benchi. Jackson alitoka bila kufungwa hata pointi moja. Akaendelea kurusha, mpira wa 100, wa 120, wa 140, huku siku hizi mrushaji akifika 100 anapumzishwa. Alimaliza na mipira 149. Arizona ilishinda 1-0 na Tampa Bay haikupata hiti, yaani pigo la kumfikisha mpigaji kwenye besi, hata moja katika awamu zote tisa. Nataka msomaji ambaye hajawahi kuangalia mchezo huu aelewe: kuna warushaji wakubwa waliostaafu bila kupata mechi kama hiyo. Baada ya wiki tano tu, Arizona walimbadilisha, akaenda Chicago White Sox.

Kisha ikaja tarehe 27 Julai 2011. White Sox walimpeleka Toronto, na siku hiyo hiyo Toronto wakampeleka St. Louis bila kuvaa jezi yao. Katika kundi lililopelekwa St. Louis alikuwemo pia Octavio Dotel, mrushaji kutoka Jamhuri ya Dominika, ambaye mwaka uliofuata alifikisha timu 13, rekodi ya wakati huo. Yaani watu wawili waliozunguka kuliko wote walipakiwa katika mpango mmoja, na wote wawili wakatwaa ubingwa wa World Series, fainali ya ligi kuu, na St. Louis Oktoba ile.

Washington ilimpata baada ya hapo, kwa sababu mchezaji akitimiza miaka sita ya utumishi na mkataba wake ukaisha, anakuwa huru kujiuza mwenyewe. Walimlipa dola milioni 11 kwa msimu mmoja. Oktoba 2012 alisimama kuwarushia St. Louis, mabingwa wenzake wa jana, na Washington ikatolewa. Usiku wa mechi ya mwisho tuliongoza 6-0 tukafungwa 9-7. Mzee alifunga daftari, hakusema neno hadi nilipompa dawa zake.

Jackson akaondoka kwenda Chicago Cubs kwa miaka minne na dola milioni 52. Msimu wa kwanza alipoteza mechi 18, na mwaka 2015 Cubs wakamtoa kwenye orodha yao ya wachezaji 40. Hapa nilijifunza mambo mawili. Timu ikikutoa kwenye orodha ile ina siku saba za kukubadilisha, kukuachia timu nyingine ikuchukue, au kukuacha uende. Na mshahara wa mkataba wa ligi kuu haufutiki: Cubs waliendelea kumlipa huku akivaa jezi za Atlanta, Miami na San Diego, ambazo zilimlipa kiwango cha chini tu. Wapo wanaosema alikula pesa za bure. Sikubaliani nao. Mtu aliyekwisha kuwa na fedha zake salama na bado anakubali kwenda ligi ndogo, kupanda mabasi na vijana wa miaka 21 ili apate nafasi tena, huyo anaipenda kazi.

Mwaka 2017 alipitia Baltimore, si mbali na ninapoishi, kisha akarudi Washington. Wakati huo wakala alishanihamishia nyumba nyingine kadhaa, nami najua hali ya kuingia nyumba ya watu, kujifunza ilipo chumvi na mlango upi unalia, na kutakiwa kufanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza. Nilimwona uwanjani majira yale, akipasha mkono moto na mdakaji ambaye bila shaka hawakuwa wamezoeana sana. Kila baada ya mipira michache walisogeleana, wakazungumza, wakarudi. Hakuharakisha.

Mwaka 2018 Oakland ikawa timu ya 13. Walimpa mechi 17, akaruhusu wastani wa pointi 3.33 kwa kila awamu tisa, na timu ikashinda mechi 97. Mei 2019 akavaa jezi ya Toronto, safari hii akacheza kweli, na kufika timu 14, rekodi yake peke yake hadi Julai 2025, pale Rich Hill mwenye miaka 45 alipomfikia akiwa na Kansas City. Jumla yake ni ushindi 107 na vipigo 133. Baada ya mechi zake za mwisho katika ligi kuu aliitwa timu ya taifa, akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Tokyo.

Kwa anayetaka kujaribu njia yangu: mchague mrushaji anayeanza mechi, si mpigaji. Mrushaji wa kuanza huonekana takriban kila baada ya siku tano, kwa hiyo hata mwenye zamu ndefu anaweza kumfuata. Mchague aliyepita timu nne au tano tayari, si nyota, maana nyota hukaa mahali pamoja na hakuna kanuni utakayoiona ikifanya kazi. Kaa na penseli, chora miraba, andika namba. Siku atakapoondolewa kwenye orodha, anza kuhesabu zile siku saba.