Nilivyoacha kushindilia sukari kwenye daku

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko. Ramadhani hii nimefunga siku zote nikiwa kazini, nimetoa makabati mawili na kitanda cha futi sita, na sikulala mchana hata siku moja. Nasema kwa fahari, maana mwaka juzi nilishauriwa vibaya nikalipia mfukoni.

Ushauri ulitoka kwa mzee mmoja tunayeshirikiana naye msumeno wa umeme. "Mwanangu, daku shindilia sukari. Nguvu ni sukari." Nikamsikiliza. Saa kumi alfajiri nikawa nashushia uji wa vijiko vinne vya sukari, maandazi matano, tambi zilizobaki kwenye futari, na soda juu yake. Saa mbili asubuhi najiona simba. Saa nne randa inanitetemekea mkononi, jasho la baridi linanitoka, njaa kama sijala tangu jana. Siku ya nne nikakata kombo ubao wa mninga ambao mteja alishaulipia, elfu sabini hivi, na vijana nikawagombeza kwa kosa langu mwenyewe. Jioni ile nilikwenda kwa binti wa kaka yangu, anasomea udaktari.

"Baba mdogo," akaniambia, "ini lako si ghala la Kurasini." Akanieleza kwamba sukari ikiingia kwa kishindo, kongosho linamwaga kwa wingi homoni iitwayo insulini, nayo insulini inaisukuma sukari kwenye misuli na kwenye ini. Ini linaihifadhi kwa umbo la glikojeni, lakini ni kama gramu 100 tu. Inayozidi inageuzwa mafuta. Kwa hiyo ile soda haikuniwekea chochote cha mchana, ilipandisha sukari ya damu haraka, ikashuka haraka, na mimi nikashuka nayo.

Lililonishangaza zaidi ni hili: misuli ina akiba kubwa kuliko ini, ila haimgawii mtu. Glikojeni ya mguu inatumika mguuni humohumo. Kati ya hayo mawili, ini ndilo linalorudisha sukari kwenye damu, likiamriwa na homoni nyingine iitwayo glukagoni, na mlaji wake mkubwa ni ubongo, unaotaka kama gramu 120 kwa siku. Akiba ya ini inavyopungua, mwili unafungua mafuta. Misuli inachoma hayo mafuta ili sukari ibaki kwa ubongo, na ini linaanza kutengeneza ketoni, yaani chakula kinachotokana na hayo mafuta, ambazo ubongo unazila vizuri tu. Nikaelewa kwamba mwili wenyewe unajua kuhama, kama jiko linalotoka mafuta ya taa kwenda mkaa, kazi yangu ni kutouvuruga.

Daku yangu sasa ni ugali wa dona, maharage, mayai mawili na kipande cha parachichi. Vinasagika polepole, sukari inaingia kidogo kidogo. Maji nakunywa tangu futari, si lita nzima dakika ya mwisho. Kufuturu ni tende tatu na maji, naswali, ndipo nakaa kwenye mihogo na samaki.

Kahawa nayo ilikuwa inanionea. Nilizoea vikombe vinne vitano vya kahawa chungu kijiweni, na kichwa cha siku za kwanza nilikuwa nadhani ni njaa. Kumbe ni mwili unadai kahawa. Sasa naanza kupunguza wiki moja kabla mwezi haujaandama, kikombe kimoja kimoja, na maumivu yale sijayaona tena.

Kazi pia nimeipanga upya. Kupasua na kuranda ni asubuhi, mikono ikiwa na nguvu. Baada ya adhuhuri napiga msasa na vanishi, tena kivulini, kwa sababu joto la Dar linakausha mtu kuliko njaa. Siku mbili tatu za mwanzo bado ni nzito, nazivumilia, kuanzia siku ya tano naziona nyepesi.

Mama yangu ana kisukari na anatumia dawa. Yeye tulimpeleka kwa daktari wake kabla ya mwezi, akaambiwa asifunge, na hakuna aliyebishana. Dawa zinazoshusha sukari na tumbo tupu si jambo la kujaribia nyumbani.

Yule mzee wa msumeno aliniona saa tisa alasiri nikipiga msasa mlango wa kabati, akasimama akaushika kwa kiganja. "Daku ulikula nini leo?" Nikamwambia dona na maharage. Kesho yake alfajiri akanipigia simu kuuliza maharage yanaloekwa saa ngapi.