Bega la yule dada wa Kibirizi

Ilikuwa Machi, zile mvua za Kigoma za usiku kucha, na mimi nilikuwa onkol. Hospitali niliyokuwa nafanya kazi wakati ule emajensi usiku ilikuwa inashikwa na tabibu mmoja na manesi wawili, daktari unakaa nyumbani na simu, ukiitwa unakwenda. Saa nne na dakika kumi simu ikaita nipo mezani nakula ugali wa muhogo na mgebuka. Tabibu mwenyewe kijana wa Kasulu, alikuwa hajafikisha hata mwaka tangu amalize diploma yake, mwangalifu sana, yaani mtu wa kuandika kila kitu.

"Shikamoo dokta, samahani kwa usumbufu. Nina dada hapa wa miaka 26, tumbo la chini linamuuma tangu jana, ana kizunguzungu, mapigo 118, presha 100 kwa 60, mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, imesoma positivu. Alafu analalamika na bega la kulia."

Nikamuuliza anafanya kazi gani, akasema anauza dagaa Kibirizi. Nikamwambia, "Bega hilo ni mabeseni ya dagaa mdogo wangu. Mpe mseto, mpe na panado, akizidiwa arudi." Akanyamaza kidogo. Ule ukimya naukumbuka mpaka leo, maana alikuwa ananisubiri niseme nakuja. Alafu akasema "sawa dokta" nikakata simu nikaendelea kula.

Swali ambalo sikuuliza ni la kwanza kabisa kwa mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo, siku zake kaziona lini mara ya mwisho, na kipimo cha mimba kimefanyika? Ni kijiti tu cha kuchovya kwenye mkojo, dakika tano umeshapata jibu, na vijiti tulikuwa navyo. Na hiyo malaria, kwetu Kigoma mtu mzima anaweza kutembea na vimelea asiumwe chochote, tena kile kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kusoma positivu wiki kadhaa baada ya mtu kumaliza dawa, kwa hiyo kusoma positivu sio kwamba ndio umeshajua kinachomuumiza. Haya nilikuwa nayajua vizuri, nilishawafundisha matabibu mwenyewe. Na bega pia nilikuwa nalijua, damu ikivujia tumboni ikafika juu kwenye ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua, mgonjwa maumivu anayasikia begani. Tabibu alinipa mkononi kila kitu nilichohitaji, mapigo, kizunguzungu, bega, mimi nikasikia malaria tu.

Saa kumi na moja alfajiri simu tena. Kaka yake kamleta kwa bodaboda kwenye mvua, kamfunga kwa khanga mgongoni kwake asianguke. Nilifika mbio. Nikamvuta kope la chini, ndani hamna rangi kabisa, nikamfungua kiganja, cheupe, na kwenye mistari ya kiganja magamba ya dagaa bado yamegandia, madogo yanang'aa chini ya taa. Presha 70 kwa 40. Nesi akachovya kile kijiti, mistari miwili. Mimba imetunga nje ya kizazi na imeshapasuka. Tukaingia thieta hivyo hivyo, mrija wa kulia umechanika, damu tumboni kama lita mbili. Benki ya damu ilikuwa na uniti moja tu ya kundi lake, kaka yake akatoa, alafu nikaambiwa tabibu naye kaenda kutoa, ametoka shifti hajalala hajala.

Akapona, Mungu ni mwema.

Asubuhi ile ile mezani kwangu likaja lile rundo la mafaili ya usiku ya kusaini, ambayo kwa ukweli nilikuwa nasaini kama mtu anayegonga muhuri, wagonjwa sijawaona. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Marekani nao wana kada inayofanana na matabibu wetu, fizisheni asistanti, Duke University walianza kuwafundisha 1965, na wapo madaktari wa emajensi huko wenye hofu hii hii, kusaini faili la mgonjwa ambaye hujamwona kwa macho yako, maana kesi ikija na wewe umo. Faili la yule dada lilikuwa la nne kutoka juu. Kijana kaandika kwa mwandiko wake ule wa kulala, "maumivu bega la kulia", kapigia mstari, chini yake "daktari wa zamu amepigiwa saa 4:10, ameshauri ALu na panado, arudi nyumbani", ALu ndio ule mseto. Nafasi ya sahihi yangu ipo wazi. Nililishika muda mrefu.

Kwenye kikao cha kesho yake mmoja wa wakubwa akasema tabibu kazembea, aandike barua ya kujieleza. Kijana akasimama, akasema "ni kweli, nilipaswa kumpima mimba", akakaa. Hakutaja simu! Nikasimama na mimi nikasoma lile faili kwa sauti mpaka mwisho, nikasema na yale ya mabeseni ambayo yeye hakuyaandika, nikasema kama kuna barua naandika mimi. Kimya. Nikaandika kurasa mbili, nikasaini.

Siku ya tatu nikaenda wodini. Mama yake alikuwa anampa uji, akanyanyua uso, "Dokta, ndio wewe uliyempokea mwanangu ile usiku ya kwanza?"

Nikamwambia, "Hapana mama. Mimi ndiye niliyepigiwa simu, na nikasema arudi nyumbani."

Akaniangalia. Alafu akachota kijiko kingine cha uji, akakipuliza, akampa binti yake.